Gari Lisilo na Mlio

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilisomea ufundi umeme katika chuo kidogo cha misheni pale Singida mjini. Darasa letu lilikuwa na wavulana kumi na saba na msichana mmoja, na huyo msichana ndiye mimi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, maghala yanatiwa makufuli mapya, na watu wazima tuliozoea kuwaona wakienda ofisini na kalamu mfukoni sasa tuliwakuta sokoni wamepanga mitumba chini. Mkufunzi wetu alikuwa mmoja wa hao waliopunguzwa kazi. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo, kwenye ghala la shirika la serikali, na alipoachishwa, misheni ikamchukua atufundishe.

Siku moja aliingia darasani bila daftari, akasimama mbele yetu.

"Foklifti inanyanyua tani mbili," alisema, "na haijui petroli. Ni betri na mota tu. Niambieni kwa nini gari lisiende hivyo hivyo."

Akasema basi tutajua tukijaribu, na hiyo ndiyo itakuwa kazi yetu ya kumalizia chuo.

Mota tuliipata bila shida. Foklifti yake ya zamani ilikuwa imelala ndani ya lile ghala, ikisubiri mnunuzi pamoja na ghala lenyewe, na mlinzi alikuwa rafiki yake. Gari ndilo lililokosekana. Akasema analijua moja, kijijini njia ya Mtinko, kilomita kama ishirini kutoka mjini. Ni gari dogo la Kiingereza, la zamani, mgongo wake wa mviringo kama chungu kilichofudikizwa. Mwenyewe ni mwalimu mkuu mstaafu. Wengi walishamfuata walinunue kwa ajili ya vipuri, na wote aliwarudisha mikono mitupu.

Tulikwenda watatu pamoja na mkufunzi: mimi, kijana wa Manyoni ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli, na kijana wa Shelui ambaye mama yake aliwapikia madereva wa malori. Tulimkuta mzee ameketi mbele ya nyumba akichambua mbegu za alizeti. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya banda la nyasi, kuku wamelala juu ya boneti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Kama mmefuata gari, haliuzwi."

Mkufunzi alimweleza taratibu, kama mtu anayeomba posa. Mzee alisikiliza huku ameinamisha kichwa, vidole bado vikichambua mbegu. Aliposikia habari ya betri, vidole vikasimama.

"Halitatumia petroli?"

"Halitatumia."

"Hata ya kuwashia?"

"Hata tone, mwalimu."

Aliweka mbegu chini. Kisha akasema, "Lichukueni. Sitaki hela. Lakini siku litakapotembea, safari yake ya kwanza ianzie mlangoni kwa jirani yangu pale, mumpeleke mpaka hospitali ya mjini. Mumpeleke yeye. Mimi sitapanda."

"Anaumwa?" aliuliza kijana wa Shelui.

"Haumwi."

Tuligeuka kutazama. Ng'ambo ya ua wa minyaa kulikuwa na mwanamume wa miaka arobaini na kitu akipalilia vitunguu. Hakuinua kichwa. Kwetu jirani ni mtu wa kusalimiwa asubuhi na jioni, hata kama mmegombana juu ya mpaka wa shamba. Hawa wawili tuliwaona wakipishana kwenye kijia siku ile ile, tulipokuwa tunalifunga gari kwenye trekta la misheni, na kila mmoja alitazama upande wake kama aliyepishana na ng'ombe.

Karakana yetu ilikuwa banda la bati lisilo na dari. Tuliitoa injini kwa mnyororo, tukatoa tangi la petroli, mipira yake na kila kitu chake, tukalisugua gari lote kwa sabuni na maji ya moto. Mkufunzi alikereza mwenyewe sahani ya kuunganisha mota na giaboksi. Mimi kazi yangu ilikuwa nyaya.

Kitu cha kwanza kilichonisumbua kilikuwa harufu. Kila siku mchana, jua likishapiga bati kwa saa kadhaa, ndani ya lile gari kulinuka petroli. Si kidogo, ni ile harufu ya dumu lililofunguliwa sasa hivi, inayokaa kooni. Nilidhani ni pua yangu, mpaka kijana wa Manyoni alipotoa kichwa dirishani akauliza nani ameleta petroli humu.

Mkufunzi alikuja akainama ndani, akanusa.

"Gari hili limekaa miaka kumi na mitano bila tone," alisema. "Petroli ya namna hiyo ilishayeyuka zamani."

"Kwa hiyo husikii kitu?" nilimuuliza.

"Nimesema ilishayeyuka," akajibu, akarudi kwenye mashine yake. Tangu siku hiyo hakuingia tena ndani ya gari saa za mchana.

Halafu nikaiona kadi. Tulitaka kukata nusu ya kiti cha nyuma tupate nafasi ya betri mbili, nami nikakiinua peke yangu wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Ilikuwa imejikunja kwenye kona, chini ya springi. Kadi ya kliniki ya wajawazito, imekauka kama jani la tumbaku. Wino ulikuwa umefifia, lakini unasomeka. Jina la mwanamke. Kijiji kile kile. Mimba ya kwanza. Umri miaka kumi na tisa. Chini, kwa mwandiko uliokandamizwa sana, muuguzi aliandika: *Ni mfupi. Ajifungulie hospitali.* Kwenye nafasi ya tarehe ya kujifungua hapakuwa na kitu.

Nilikaa pale sakafuni mwa gari nikiwa nimeishika. Nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi pia ni mfupi. Sikuwaonyesha wenzangu. Jumamosi nilipanda gari la kwenda mnadani nikaenda kijijini peke yangu.

Mzee aliitambua kadi kabla sijamkabidhi. Hakuipokea. Alinionyesha kigoda nikae, na akaanza kusema kwa Kinyaturu, kisha akakumbuka ni mwalimu akahamia Kiswahili.

"Ilikuwa Jumapili," alisema. "Miaka ile ya shida ya mafuta. Unakumbuka? Hapana, ulikuwa mtoto. Petroli ilikuwa kwa kibali. Na Jumapili ikishapita saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Yule jirani yangu alikuja hapa mbio saa nane na nusu. Mkewe ameshindwa kujifungua. Nikasema potelea mbali, wakinikamata wanikamate. Tukamlaza kiti cha nyuma, mumewe akampakata kichwa."

Mbuzi mmoja alikuwa akilia mahali fulani nyuma ya nyumba.

"Tulipofika kalvati, ile kubwa kabla ya mlima, gari likazima. Mafuta yamekwisha. Tulikaa pale mpaka jua likazama, hakuna gari hata moja lililopita. Lingepita la nani Jumapili mchana? Mume alikimbia kurudi vijijini kutafuta hata baiskeli. Aliporudi nayo, mkewe alikuwa amekwishakata roho. Na mtoto ndani yake."

"Pole, mwalimu," nilisema.

"Ngoja. Sijamaliza." Sauti yake ilishuka mpaka nikalazimika kuinama. "Nilikuwa na dumu ndani, chini ya kitanda. Lita tano. Binti yangu alikuwa anaolewa Dodoma wiki ile, nikawa nadunduliza ya kwenda huko. Yule kijana aliposimama hapo mlangoni analia, niliingia kuchukua ufunguo, nikaliona. Nikajiambia yaliyomo kwenye tangi yatatosha. Nilijiambia hivyo, mwanangu. Nikalisukuma kwa mguu lisionekane."

Hakulia. Alinitazama kama mwalimu anayengoja jibu.

"Hajui," alisema. "Yeye anadhani petroli iliisha tu. Usimwambie. Mpelekeni tu. Nataka gari hili limpeleke."

Nilirudi mjini na kadi ile mfukoni. Usiku mwingi baada ya hapo niliota nimelala kwenye kile kiti, natazama dari ya kitambaa, na mtu mbele ananiambia itatosha, itatosha.

Betri ndizo zilizotuchelewesha. Tulihitaji nane, maana za foklifti zilishakufa. Kijana wa Shelui alikwenda kwao, na mama yake akawaomba madereva aliokuwa akiwalisha miaka yote. Alirudi na betri za malori, nyingine nzuri, nyingine zimechoka, zote zimefungwa kwa kamba juu ya shehena ya pamba. Mwaka ule kulikuwa na mgao wa umeme, tukawa tunachaji pale umeme unaporudi, tukipeana zamu ya kuangalia maji ya betri.

Siku tulipolijaribu uwanjani, kijana wa Manyoni alikaa kwenye usukani. Alikanyaga, swichi kubwa ikapiga *tak*, na gari likaondoka. Halikunguruma wala halikutikisika. Lilitoa mvumo mdogo kama wa mtu anayeimba na mdomo umefungwa, na kokoto zikisagika chini ya matairi. Wanafunzi wa useremala waliokuwa wamekuja kutucheka waliacha kucheka. Mkufunzi aliweka mkono kwenye boneti likiwa linatembea, akalifuata hivyo hivyo mpaka mwisho wa uwanja, macho yamemjaa machozi.

Lakini mjini watu hawakulipenda. Mara mbili tatu tulipolitoa barabarani, kuku na watoto hawakusikia linakuja. Mama mmoja muuza karanga aligeuka akalikuta mgongoni kwake, akatupa ungo. Ndani ya wiki moja likapata jina, gari la misukule. Wapishi wa chuo walikataa lilazwe karibu na jiko.

Tulilivuta kwa trekta mpaka kijijini, tusipoteze chaji, na tukalisimamisha mlangoni kwa yule jirani asubuhi. Alikuwa anatungoja, maana mkufunzi alishamtumia salamu. Alivaa koti la suti juu ya shati jeupe, na viatu vya ngozi bila soksi. Mke wake wa sasa alisimama nyuma yake na mtoto mgongoni, haulizi kitu. Nadhani alishaambiwa. Upande wa pili wa ua, mlango wa mzee ulikuwa umefungwa.

Nilimfungulia mlango wa mbele. Akatikisa kichwa.

"Mimi nilikaa nyuma," alisema.

Akajikunja kwenye nusu ya kiti iliyobaki, bega limeegemea mbao za betri. Mimi nikakaa mbele, kijana wa Manyoni akaendesha, wengine wakabaki nyuma na trekta. Tuliondoka mwendo wa baiskeli yenye haraka. Njia nzima ilisikika: upepo, matairi, ndege kwenye mashamba ya mtama, hata pumzi za yule mtu nyuma yangu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitampa kadi tukifika. Sikuweza kungoja. Niligeuka nikamnyoshea.

Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Macho yangu siku hizi," alisema. Nikaelewa kwamba hajui kusoma. "Nisomee."

Basi nikamsomea. Kama injini ingekuwa inanguruma nisingeweza, ningelazimika kupiga kelele, na mambo yale si ya kupigia kelele. Nilisoma jina lake. Nilisoma uzito wake wa mwezi wa kwanza wa kliniki, na wa pili, na wa tatu. Kila mwezi alikuwa ameongezeka kidogo.

"Alikuwa anakula udongo," yule mtu alisema. "Nilikuwa namficha, mama yangu asimwone."

Nikafika chini. Nikasita.

"Soma."

"Ni mfupi. Ajifungulie hospitali."

Aliichukua kadi mkononi mwangu, akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akasema, "Aliniambia. Alikuja na maneno hayo hayo. Mama yangu akasema sisi tumezaliwa nyumbani wote, nani anampeleka hospitali mtu asiyeumwa. Uchungu ulianza Jumamosi jioni. Mimi nilikuwa kijana tu, nikamsikiliza mama mpaka Jumapili mchana." Akasafisha koo. "Kwa hiyo tulichelewa sisi kwanza. Kabla ya yeye na dumu lake."

Kijana wa Manyoni alinitazama upande. Yeye hakujua habari ya dumu.

"Dumu gani, baba?" niliuliza, nikijidai mjinga.

"Binti, petroli haifichiki. Inanuka. Nilisimama mlangoni kwake siku ile, nyumba yote inanuka. Nilisikia hata likiburuzwa sakafuni." Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja mvua ya mwaka fulani. "Njia nzima nilikuwa nasikia ile harufu nikijua imebaki nyumbani."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mimi nina langu, yeye ana lake." Kisha akaniinamia karibu na sikio. "Nawe usimwambie kwamba najua. Akijua, atakuja kuniomba radhi. Na mimi sina ya kumpa. Nimetafuta, sina."

Kalvati ikaonekana mbele. Kijana wa Manyoni akapunguza mwendo.

"Usisimame," yule mtu alisema. "Nenda tu. Binti, una saa? Itazame."

Nilitazama saa yangu. Yeye alitazama dirishani, upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila nyasi na mawe. Tulipanda mlima polepole sana, nikasikia mota ikikaza, nikawa naomba kimoyomoyo. Ikapanda. Baada ya hapo ni mteremko, kisha mawe makubwa ya mjini, kisha nyumba, kisha lango la hospitali.

Askari wa getini alifungua haraka. "Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza, akichungulia nyuma.

"Hakuna mgonjwa," nilisema.

Yule mtu alikuwa ameshashuka. Alisimama pale kwenye lami, koti lake limejaa vumbi, akitazama mlango wa wodi ya wazazi, ambako wanawake walikuwa wanaanika kanga kwenye majani.

"Muda gani?"

"Dakika kumi na mbili. Kutoka kalvati."

"Kumbe ndiyo hivi tu," alisema. "Mabasi yanasimamasimama, mtu hujui. Kumbe ndiyo hivi tu." Hakutaka turudi naye. Alisema atapanda gari la mchana. Kadi alikwenda nayo.

Jioni ile mkufunzi alitununulia soda na nyama choma, akasema tumeandika historia. Nyama yangu niliwapa wenzangu.

Gari halikudumu. Miezi michache baadaye ghala likapata mnunuzi, mfanyabiashara kutoka nje ya mkoa. Foklifti ilikuwemo kwenye orodha yake ya mali, na foklifti haina mota. Alikuja chuoni na karatasi zake, mtu mpole tu, hakugomba. Tuliifungua mota sisi wenyewe, boliti kwa boliti, tukampakilia. Betri zilirudi Shelui. Bodi ilisimama nyuma ya karakana mpaka nilipomaliza chuo. Sijui iliishia wapi, na sikuuliza.

Nilipata kazi ya umeme palepale mjini, na kwa miaka kadhaa nilikwenda kumwona mzee kila nilipopata nafasi. Nilimpelekea sukari na mafuta ya kula. Mara ya kwanza, nikiwa bado chuoni, wiki ile ile ya safari, alinikaribisha akaniuliza jambo moja tu.

"Kutoka pale kalvati mpaka hospitali, mlitumia muda gani?"

Nilikuwa kijana, na nilidhani ukweli ni kitu cha kumpa mtu anapokiomba. Nikamwambia dakika kumi na mbili.

"Kumi na mbili," alirudia. Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Jua lilikuwa bado la saa tisa. Nilikaa nje mpaka nikachoka kungoja, nikaondoka.

Baadaye akili yake ilianza kupotea, kidogo kidogo, kama inavyowapata wazee. Alisahau jina langu, akasahau kwamba gari liliondoka, kuna siku alinituma nikafukuze kuku kwenye boneti. Lakini swali lile hakulisahau. Aliliuliza kila nilipokwenda, na kila mara kama ndiyo kwanza anauliza. Mara ya pili nilimjibu nusu saa. Nikaona mabega yake yamelegea kidogo. Mara iliyofuata nikasema dakika arobaini. Ng'ambo ya ua, yule jirani alikuwa akipalilia, na ninaamini alikuwa akitusikia.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani. Mjukuu wake alinipa kigoda, akatuacha. Mzee alinitazama sana, kisha akauliza.

"Saa nzima, mwalimu," nilisema. "Na zaidi kidogo. Barabara ilikuwa mbaya."

"Saa nzima." Alifikiri. "Basi hata hivyo asingewahi."

"Asingewahi, mwalimu."

Akafumba macho. Baada ya muda akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula.